Stevia za Madukani: Ipi ya Kununua na Ipi ya Kuiacha Rafuni

Anayeingia leo katika duka kubwa la Dar es Salaam, Arusha au Nairobi hukuta, kando ya mifuko ya sukari, pakiti ndogo za kijani zenye picha ya jani na maneno yanayofanana: asilia, imetokana na mmea, haina kalori, inamfaa mwenye kisukari. Nyingi ni za stevia, chache ni za tunda la luo han guo kutoka China, na fedha ya pakiti moja ingetosha kununua kilo kadhaa za sukari ya kawaida. Nyumbani kwetu bidhaa hizi zinatumika kila siku, kwa sababu yupo mzee mwenye kisukari cha aina ya pili na wapo watoto wasioacha juisi, kwa hiyo usalama wake kwangu si jambo la nadharia. Nimezitumia kwa aina tatu zinazopatikana kwa urahisi, yaani vipakiti vya unga mweupe, chupa ndogo za matone, na unga wa kijani wa majani makavu. Sitataja kampuni yoyote, maana kampuni mbili zinazoshindana mara nyingi huuza mchanganyiko uleule, na kampuni moja huweza kuuza michanganyiko miwili isiyolingana hata kidogo.

Hukumu yangu naitanguliza. Stevia iliyosafishwa ndiyo sehemu ya pakiti iliyochunguzwa vizuri zaidi, na mtu mzima anayeitumia kwa kiasi cha kawaida hana sababu ya kuiogopa. Vinavyostahili kuangaliwa kwa jicho kali ni vitu vilivyochanganywa nayo ili kujaza kipakiti, ambavyo mara nyingi ndivyo vilivyo vingi kuliko stevia yenyewe, pamoja na unga wa majani unaouzwa kwa jina hilohilo bila kupitia uchunguzi huo.

Stevia ni kichaka kidogo cha nyanda za juu za Amambay, kaskazini mashariki mwa Paraguay. Waguarani, wenyeji asilia wa eneo hilo, walikuwa wakitia majani yake katika chai yao ya kienyeji iitwayo yerba mate muda mrefu kabla ya Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi, kuueleza mmea huo kitaalamu mwaka 1899. Mwaka 1931 wakemia wawili wa Ufaransa, Bridel na Lavielle, walitenga misombo inayoleta utamu, ile inayoitwa glikosidi za stevioli, na kuanzia miaka ya 1970 Japani ikaanza kuitumia katika vyakula vya viwandani. Kwetu pia mmea huu si mgeni, kwa kuwa wakulima wadogo wa Kericho nchini Kenya wamekuwa wakiulima kwa ajili ya kampuni za nje. Historia ya Waguarani hunukuliwa sana kwenye matangazo kama ushahidi wa usalama, jambo ambalo halikubaliki, kwa sababu wao walitumia majani, nasi tunauziwa unga mweupe uliotokana na kuloweka majani katika maji ya moto, kuchuja, kupitisha maji yake katika chembechembe za kunasa utamu, kuziosha chembechembe hizo kwa alkoholi, kisha kugandisha na kukausha. Hicho ni kitu kingine, na kinastahili kupimwa chenyewe.

Bahati nzuri kimepimwa, na safari yake haikuwa fupi. Mwaka 1968 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba panya walionyweshwa maji ya majani ya stevia walipungukiwa na uwezo wa kuzaa, na mwaka 1985 wengine wakaonyesha kwamba stevioli, ambayo ni mabaki ya glikosidi hizo baada ya kumeng'enywa, inaweza kubadilisha vinasaba vya bakteria ndani ya maabara baada ya kuchochewa na vimeng'enya. Mtu akikuambia kwamba stevia inaharibu uzazi au inaleta saratani, huenda anarudia habari hizo mbili bila kujua zilikoanzia. Majaribio yaliyofuata hayakuweza kurudia matokeo ya 1968, na majaribio juu ya wanyama walio hai hayakuonyesha uharibifu wa vinasaba ulioonekana kwa bakteria. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia viongezwa vya chakula, JECFA, iliweka kiwango cha muda mwaka 2004, na mwaka 2008 ikaweka cha kudumu, yaani miligramu 4 za stevioli kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilifikia kiwango hichohicho mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya ukaruhusu matumizi mwaka 2011.

Inafaa msomaji ajue kiwango hicho kilivyopatikana, kwa sababu wengi hudhani kukivuka kwa siku moja ni kujitia sumu. Panya walilishwa steviosidi, mojawapo ya glikosidi hizo, kwa miaka miwili, ikatazamwa dozi iliyokuwa bado haiwadhuru, dozi hiyo ikahesabiwa kama stevioli, kisha ikagawanywa kwa mia moja ili kuacha nafasi ya tofauti kati ya panya na binadamu, na kati ya binadamu mmoja na mwingine. Kiwango hicho ni cha kula kila siku maisha yote, kwa hiyo siku ya harusi yenye vikombe vingi vya chai haimdhuru mtu. Mwilini nako safari ya glikosidi hizi ni rahisi kuieleza: hazifyonzwi katika utumbo mwembamba, bakteria wa utumbo mpana huzinyang'anya sukari zilizoshikamana nazo, stevioli inayobaki huingia katika damu, ini huifunga na kuiandaa, na figo huitoa katika mkojo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, watu wenye kisukari cha aina ya pili walipewa miligramu 1,000 za rebaudiosidi A, glikosidi nyingine ya stevia, kwa siku kwa wiki 16, na wastani wao wa sukari ya muda mrefu pamoja na shinikizo la damu havikubadilika kwa namna yenye uzito. Matokeo hayo yana makali mawili, nami nitayarudia nitakapofika kwenye unga wa kijani.

Sasa tufungue kipakiti. Aina niliyoanza nayo ina uzito wa gramu 2, na mbele yake pana jani kubwa la kijani linalochukua nusu ya karatasi. Nyuma, kwa herufi zinazohitaji miwani, viambato vimeandikwa hivi: erithritoli, glikosidi za stevioli, ladha asilia. Kanuni ya kuandika lebo katika nchi nyingi ni kwamba kiambato kilicho kingi ndicho kinachotangulia, kwa hiyo jani la kwenye picha ni la pili katika orodha. Ni la pili kwa mbali sana. Kipakiti kinachotarajiwa kuleta utamu wa vijiko viwili vya chai vya sukari, yaani kama gramu 8, kikitumia rebaudiosidi A yenye utamu wa takriban mara 200 ya sukari, kinahitaji kiasi cha miligramu 40 tu za stevia. Hiyo ni asilimia 2 ya uzito wa kipakiti. Asilimia iliyobaki, karibu yote, ni erithritoli.

Erithritoli ni alkoholi ya sukari, jina ambalo lisimtishe Mwislamu, kwa kuwa ni istilahi ya kemia tu na haina uhusiano na kileo. Kwa kiasi kidogo imo katika matunda kama zabibu na matikiti, na hapo ndipo watengenezaji hupata neno asilia, ingawa ile ya kwenye kipakiti huzalishwa ndani ya matangi, ambamo hamira za aina maalumu hulishwa glukosi iliyotokana na wanga wa mahindi au nafaka nyingine. Mdomoni huleta ubaridi kama wa mnanaa usio na harufu. Haipandishi sukari ya damu, kwa kuwa sehemu kubwa hufyonzwa na kutoka katika mkojo bila kutumika.

Mwaka 2023 kundi la watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, lilichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo yaliyowashtua wengi. Walioonekana na erithritoli nyingi katika damu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka iliyofuata, na maabara ilionyesha kwamba erithritoli inazifanya chembe sahani za damu ziwe nyepesi kugandana. Watu wenye afya waliokunywa kinywaji chenye gramu 30 za erithritoli walipanda kiwango chake katika damu zaidi ya mara elfu moja, na kikabaki juu kwa zaidi ya siku mbili. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilirudi na jaribio la watu 20 wenye afya, nusu wakapewa gramu 30 za erithritoli na nusu wakapewa glukosi, na chembe sahani za waliokunywa erithritoli zikaonekana kuwa tayari zaidi kugandana. Sehemu ya kwanza ya utafiti huo ina udhaifu ambao lazima usemwe: mwili wa binadamu hutengeneza erithritoli yake wenyewe kutokana na glukosi, na mtu mwenye matatizo ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokitumia chakula, huweza kutengeneza nyingi zaidi, kwa hiyo wingi wake katika damu unaweza kuwa dalili ya ugonjwa badala ya kuwa chanzo. Sehemu ya chembe sahani ndiyo ngumu kuipuuza. Haithibitishi kwamba kipakiti kimoja katika chai kinaleta kiharusi, lakini inatosha kunifanya nisimpe mzee mwenye kisukari, ambaye moyo wake tayari uko hatarini, kitu hicho kwa gramu 30.

Na gramu 30 si nyingi kama zinavyosikika. Mwezi Desemba 2023 mamlaka ya Ulaya niliyoitaja iliweka kikomo cha erithritoli kuwa gramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kwa sababu ya tabia yake ya kuharisha inapozidi. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 30 kamili, yaani vipakiti 15 vya gramu 2. Tukihesabu stevia ya kwenye vipakiti hivyohivyo, kikomo chake cha miligramu 240 za stevioli ni sawa na takriban miligramu 720 za rebaudiosidi A, kwa kuwa theluthi moja hivi ya uzito wake ndiyo stevioli, nazo ni kama vipakiti 18. Kwa maneno mengine, kinachokwamisha kwanza ni kijazio, na stevia hufuata nyuma. Mtoto wa kilo 15 hufikia kikomo cha erithritoli kabla hajamaliza kipakiti cha nne, na cha stevia anapofika katikati ya kipakiti cha tano. Jagi moja la juisi ya ubuyu lililokolezwa kwa mkono wa ukarimu, kisha likanywewa na watoto wawili mchana kutwa, linafika huko bila mtu kutambua, na dalili ya kwanza itakuwa tumbo. Katika Umoja wa Ulaya viongeza utamu vya namna hii haviruhusiwi katika vyakula vya watoto wachanga na wadogo isipokuwa pale sheria inapotamka wazi, nami naona busara ya sheria hiyo inafaa hata jikoni kwangu: mtoto mdogo apewe tunda, au juisi isiyotiwa chochote.

Ipo aina nyingine ya kipakiti, ya gramu 1, ambayo kijazio chake ni dekstrosi au maltodekstrini. Hii inahitaji maelezo machache tu. Dekstrosi ni glukosi yenyewe, na maltodekstrini ni wanga uliokatwakatwa hadi ukawa mwepesi kumeng'enywa karibu kama glukosi. Kipakiti cha gramu 1 kina kalori zisizofika 5, na kanuni za Marekani zinaruhusu chakula chenye kalori chini ya 5 kwa kila kipimo kuandikwa kuwa hakina kalori. Kwa kikombe kimoja cha chai, gramu moja haina madhara ya kuogopesha, maana ni kama robo ya kijiko cha chai cha sukari. Lakini mtu anayekanda unga wa keki na kumimina vipakiti 20 kwa kuamini neno sifuri, atakuwa ametia gramu 20 za kitu kinachopandisha sukari ya damu kwa kasi, na mzee wake atakapojipima jioni atalaumu ngano. Bidhaa ya namna hii kuandikwa kwamba inamfaa mwenye kisukari naiona kuwa ni kumvizia mgonjwa, hata kama sheria haijavunjwa.

Chupa ya matone ndiyo ninayoipendekeza, kwa sharti la kusoma lebo. Ile iliyo bora ina maji, glikosidi za stevioli na kihifadhi kimoja, na hakuna kingine. Matone machache huleta utamu wa kijiko, hakuna kijazio cha kuhesabu, na chupa ndogo hudumu muda mrefu kiasi kwamba bei yake, ambayo dukani huonekana ya kutisha, huishia kuwa nafuu kuliko ya vipakiti. Sharti lenyewe linahusu kiyeyusho. Baadhi ya matone hutengenezwa kwa ethanoli, na lebo hutaja jambo hilo wazi, ilhali mengine hutumia glisarini au maji. Kwa familia nyingi za pwani na visiwani, na kwa mtu anayetumia dawa zisizopatana na kileo, tofauti hiyo inatosha kuamua ununuzi. Kasoro ya matone ni kipimo: mkono wenye kutetemeka wa mtu mzima hudondosha matone mengi kuliko alivyokusudia, na stevia ikizidi haiongezi utamu, huongeza uchungu. Kwa hiyo katika nyumba yetu anayetia ni mjukuu mkubwa, na bibi huonja.

Kwenye lebo ya matone au ya vipakiti utakuta pia namba, 960 au 960a, ambayo ni namba ya kimataifa ya glikosidi zilizotolewa kwenye majani. Ukiona 960c, ujue zimetengenezwa kwa msaada wa vimeng'enya ili kupata aina adimu kama rebaudiosidi M, ambayo katika jani ni kidogo mno lakini ladha yake haina uchungu mwingi. Sina ugomvi nayo. Masharti ya JECFA kwa unga uliosafishwa ni kwamba angalau asilimia 95 yake iwe glikosidi za stevioli, risasi isizidi miligramu 1 kwa kilo, na methanoli iliyobaki kutokana na kuosha isizidi miligramu 200 kwa kilo. Lebo inayotaja asilimia ya usafi inampa mnunuzi kitu cha kushika, na isiyotaja inamtaka aamini picha ya jani.

Tumefika kwenye unga wa kijani, ambao huuzwa sokoni na katika maduka ya dawa za asili kwenye mifuko ya plastiki isiyo na jina, au katika makopo yenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Muuzaji mmoja alinihakikishia, "Hii ni jani tu, dada yangu, haina kemikali hata moja." Sentensi hiyo ndiyo inayouza, na ndiyo yenye kasoro. Jani zima lina glikosidi kati ya asilimia chache na zaidi ya kumi kwa uzito mkavu, kutegemea mbegu, udongo na wakati wa kuvuna, kwa hiyo kijiko kimoja cha mfuko huu si sawa na kijiko cha mfuko ule. Pamoja na glikosidi lina mamia ya misombo mingine ambayo haikuwamo katika majaribio niliyoyaeleza, kwa kuwa majaribio hayo yalifanywa kwa unga uliosafishwa. Hii ndiyo sababu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo mwaka 1991 ilizuia stevia kuingizwa nchini humo, mwaka 1995 ikairuhusu kama kirutubisho cha nyongeza, na mwaka 2008 ikaondoa pingamizi kwa rebaudiosidi A iliyosafishwa, hadi leo haikubali jani zima wala dondoo lisilosafishwa kutumika kama kiongeza utamu katika chakula. Anayeshikilia kwamba kilicho karibu zaidi na shamba ndicho salama zaidi anapaswa kuikabili hoja hiyo badala ya kuipita kando.

Sisemi kwamba jani ni sumu. Anayechuma majani mawili ya mche wake wa uani na kuyatia katika birika hanihuzunishi. Mfuko niliouleta nyumbani ulikuwa na unyevu, ulikuwa na vijiti na mchanga uliobaki chini ya kikombe, haukuwa na tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi, na haukuwa na alama yoyote ya ukaguzi wa shirika la viwango. Majani makavu yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu katika kitu cha kijani iliyokolea hauonekani haraka kama unavyoonekana kwenye mahindi. Zaidi ya hayo muuzaji alikuwa akisema kwamba unga huo unatibu kisukari. Hapa ndipo narudi kwenye lile jaribio la wiki 16: watu wenye kisukari walikula stevia safi kila siku, na wastani wa sukari yao haukuongezeka, lakini pia haukupungua. Mgonjwa anayepunguza metformini, dawa yake ya kisukari, kwa sababu amepata unga wa kijani hajapata tiba, amepoteza dawa. Bidhaa hii naiacha rafuni, na ninamshauri mwenye duka anayejali jina lake aiache pia mpaka ipate mzalishaji anayejulikana, kipimo na tarehe.

Upande wa ladha, stevia huchelewa kuja ulimini na huchelewa kuondoka, na uchungu wake unatokana na kugusa vipokezi viwili vya uchungu ambavyo kila mtu anavyo kwa kiwango tofauti, ndiyo maana mke anaweza kuikubali na mume akaitema. Chai ya rangi yenye tangawizi na mdalasini huuficha uchungu huo vizuri, na juisi ya ukwaju huuficha vizuri zaidi, kwa sababu ukali wake hupokea utamu bila mgogoro. Chai ya maziwa huuanika. Katika mapishi, maandazi yaliyotiwa matone badala ya sukari huumuka polepole na hutoka mafutani yakiwa meupe, kwa kuwa hakuna sukari ya kuiva na kuwa kahawia. Kaimati zinahitaji shira na kashata zinahitaji sukari inayoyeyuka na kushikamana, kazi ambazo stevia haiwezi kuzifanya kwa njia yoyote. Erithritoli huyeyuka, lakini ikipoa hujirudia kuwa chembe, na keki iliyokaa kwenye friji usiku kucha hutafunika kama yenye mchanga mwembamba.

Pakiti za luo han guo nazipitia kwa ufupi. Tunda hili hulimwa hasa katika eneo la Guilin, China, na utamu wake unatokana na mogrosidi. Marekani haikulipinga mwaka 2010, ilhali wataalamu wa Ulaya mwaka 2019 walisema kwamba takwimu za sumu zilizopo hazitoshi kufikia uamuzi. Ladha yake ni laini kuliko ya stevia. Hata hivyo kila pakiti niliyoishika hapa ilikuwa na erithritoli katika nafasi ya kwanza, kwa hiyo yote niliyosema juu ya kipakiti cha gramu 2 yanahusu na hii, kwa bei kubwa zaidi.

Katika rafu hiyohiyo wenye maduka hupanga asali, sukari ya mnazi, sukari guru na shira ya agave, kana kwamba ni ndugu wa stevia. Ni sukari. Shirika la Afya Duniani huzihesabu asali na shira pamoja na sukari zinazopaswa kubaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapaswi kupewa asali kabisa kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa unaotokana na sumu ya bakteria. Likorisi, ambayo huuzwa kama chai tamu ya mizizi, ni jambo zito zaidi: glisirizini yake huzuia kimeng'enya cha figo kinachodhibiti athari ya homoni ya kotisoli, chumvi ikabaki mwilini, potasiamu ikapotea na shinikizo la damu likapanda. Mtu mwenye presha anayekunywa chai hiyo kila siku kwa kuwa ni mzizi tu, anajidhuru kwa kitu kilichotoka ardhini bila kupitia kiwanda chochote.

Jambo moja bado halielezwi kwenye pakiti yoyote niliyoisoma. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, kwa lengo la kupunguza uzito, kwa kuwa ushahidi wa faida ya muda mrefu haukuonekana, na likasema ushauri huo hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Kwa hao wa mwisho ipo tahadhari ya kinyume. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, anahitaji kiasi cha gramu 15 za sukari halisi mara moja, kama vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, na stevia haitamsaidia hata akimaliziwa chupa nzima. Nimeona nyumba zilizotupa sukari yote kwa mapenzi ya mgonjwa na kubaki na vipakiti vya kijani tu. Duka linalouza vipakiti hivyo kwa wagonjwa wa kisukari lingefanya vyema kubandika onyo hilo rafuni, hapo pembeni ya bei.